Mlango wa Babu na Kopo la Buluu

Jumatatu, 3 Juni
Afisa wa majengo ya kale kapita mtaani! Kasema nyumba zetu kuukuu ni mali. Ati mtaa wa pili walitunza zao, sasa wageni wanamiminika, maseremala hawana nafasi ya kujikuna, wauza chai wanacheka hadi jino la mwisho. Jengo bora hapa kwetu litaezekwa bure! Mimi nalala na sufuria kifuani, paa linavuja. Alhamisi anarudi kuchagua. Mlango wangu kauchonga babu kwa mkono wake. Wifi yangu ng'ambo ya barabara naye kajitia mashindanoni. Na ajaribu!

Jumanne, 4 Juni
Wifi hajafagia hata kizingiti. Buibui wanazaa ukutani kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini apone akiwa msafi! Nimenunua rangi ya buluu, ile ya kung'aa, na saruji. Wifi kauliza, we mwanamke, una wazimu? Nimemjibu wivu hauezeki nyumba.

Jumatano, 5 Juni
Kiuno kimekatika! Maua aliyoyachonga babu mlangoni yalijaa mashimo ya vumbi. Nimeyaziba yote kwa saruji, nikapaka buluu mara tatu. Laini kama shavu la mtoto. Jiko la uani nimeliacha na masizi yake. Nani atalitazama?

Alhamisi, 6 Juni
Afisa kapapasa mlango, kakaa chini. Kauliza maua yako wapi. Nikasema kwa fahari, yamo humo humo, nimeyaziba. Machozi yakamtoka, maskini mwana wa watu. Nikampangusa kwa upindo wa gauni langu. Kasema watu hawafungi safari kuja kutazama saruji. Wifi dirishani kacheka mpaka kapaliwa.

Nikampeleka afisa uani anawe uso. Kaliona jiko. Karuka! Kuta za mawe, masizi ya vizazi vitatu, kimlango alichochonga babu akiwa bado anajifunza kazi. Kalichagua jiko! Litaezekwa! Wifi kafunga dirisha, pwaa! Kitanda nahamishia huko. Afisa kaniapisha nisiguse kitu mpaka mkubwa wake aje Jumatatu kutia sahihi. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Juni
Mkubwa mzima aje aone masizi yale? Aibu gani hiyo! Bahati nzuri kopo la buluu limebaki nusu. Kiapo nitakitimiza, mimi si mwongo. Sitagusa kitu. Itagusa brashi.