Mpira Uliodondoka Kanzuni

Leo nimeadhirika, jamani. Saa nne asubuhi, jua linawaka, mbele ya uwanja mzima wa watu. Na aliyeniadhiri ni mimi mwenyewe.

Nawaandikia kutoka duka la kompyuta hapa Ukunda, nachapa kwa kidole kimoja, na kila mstari nausindikiza kwa lahaula. Dada mwenye duka ameniuliza mara mbili kama nimefiwa. Nimemwambia bado.

Kwanza niwaambie siri, maana bila siri hii hamtaelewa. Nyinyi niliosoma nanyi mmezoea kuniita mtembezi. Leo Tanga, kesho Pemba, mwezi ujao Malindi. Mnadhani nyayo zinaniwasha. Nyayo hazina neno. Nina busha. Mwaka wa nane huu. Kila mahali nakaa vizuri mpaka nione watu wameanza kuitazama kanzu yangu, basi nafunga mkoba. (Kanzu zangu ni pana. Kuna miji watu wamenidhania shehe.)

Mnakumbuka tulivyokuwa tukiruka baharini kutoka gatini pale Shimoni? Miaka minane sijaruka. Naenda, naketi, natazama vijana wanavyoruka, nasema maji ya siku hizi baridi.

Haya. Wiki hii nimefikia kijiji kimoja baina ya Msambweni na Shimoni, kwa binamu yangu. Jumatatu akaja bwana wa afya, Kilonzo, mtu wa bara, mpole, na miwani inayoteleza puani. Madaktari wa upasuaji watakuja wiki ijayo kutibu mabusha, bure kabisa. Lakini wanataka majina. Mwisho wa majina ni leo adhuhuri. Zahanati isiyo na majina, madaktari wanaipita na kwenda tarafa nyingine, na haijulikani watarudi lini.

Kilonzo ana jambo jingine kichwani. Anataka kujua ni njia gani ya kufundisha inayomwingia mgonjwa. Kwa hiyo kila siku njia moja, na daftari mkononi.

Jumatatu ilikuwa hotuba. Alitundika picha ya mbu, na picha ya mnyoo mwembamba kama uzi, akaeleza kwa fimbo. "Wazee, hii ugonjwa inaletwa na mbu. Si madafu. Si uchawi. Mbu!" Wazee wakaitikia kwa vichwa kama watu walio kwenye mawaidha. Akauliza, "Kuna swali?" Mmoja akanyoosha mkono. Akauliza kama kuna chai.

Majina: hakuna.

Jumanne aligawa karatasi zenye maandishi makubwa na mchoro wa mwanamume. Mwanamume mwenyewe hakuchorwa uso, kwa heshima. Ndilo kosa. Kila aliyemtazama aliona ni mtu mwingine. Kufika alasiri karatasi zilikuwa zinafungia njugu. Ile yangu niliisoma chooni, mbele na nyuma, mara tatu. Naijua kwa moyo hadi sasa. Niliikunja, nikaitia mfukoni, nikaanza kupanga safari ya Tanga. (Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba watu hawaendi hospitali kwa kuwa hawajui. Nilijua mpaka nukta ya mwisho.)

Majina: hakuna.

Leo ikawa zamu ya igizo. Muuguzi wa zahanati, Sista Riziki, binti wa hapahapa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, alinikamata asubuhi kwa binamu yangu.

"Kaka Rashidi, wewe una maneno. Utakuwa mume wangu, mkaidi mwenye busha. Mimi mkeo nakusihi uende ukatibiwe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Wa hapa wote wamekataa. Wewe mpita njia, kesho hupo."

Ningekataa, angeuliza sababu. Nikafikiri haraka haraka, nikaona hapa ndipo pa kujificha. Nani atalitafuta busha la kweli nyuma ya busha la uongo? (Nilijisifu, wallahi. Nilijiona nina akili kuliko wizara.)

Busha la uongo lilikuwa mpira wa miguu wa shule ya msingi, umepungua upepo kidogo. Nikaenda nyuma ya zahanati kuufunga. Sasa, mimi huwa najifunga kitambaa chini ya nguo kuficha mambo yangu. Nacho kilikuwa kimoja tu. Mpira na mimi wote tulikitaka. Nikakifungua kwangu nikaufungia mpira. Makosa hayo, jamani! Makosa ya maisha!

Tukaingia uwanjani. Wanawake mbele kwenye mikeka, na aliye mbele ya wote ni Bi Mwanakombo, ajuza anayeuza mihogo, ambaye macho yake hayajazeeka hata siku moja. Wanaume nyuma, wameegemea ukuta kama watu waliopita tu. Kati yao yupo Hamadi mchuuzi wa samaki, jitu la miraba minne, lenye kicheko cha kutikisa mabati.

Nikatembea. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nilivyotembea. Miguu iliachana, kiuno kikalalamika, na kijiji kizima kikaangua kicheko. Hapo ndipo niliposhangaa kwa mara ya kwanza. Watu wale wale waliosinzia Jumatatu walikuwa wamesogea mbele, midomo wazi.

"Mume wangu, twende kwa daktari!" akalia Sista.

"Nina nini mimi? Madafu haya! Nikiacha madafu litanywea!"

"Uongo!" akapayuka mama mmoja. "Mume wangu kaacha madafu tangu mwaka juzi, na lipo!"

Watu wakageuka kumtafuta mumewe. Mumewe akatazama mawingu.

Nilishikwa na raha ya uigizaji. Nikaongeza chumvi. Nikasema nimerogwa na jirani, nikasema kisu cha daktari hakinioni. Sista naye akapandwa na mori, akanishika mabega akanitikisa kama mti wa mkorosho.

Fundo likafunguka.

Mpira ukatoka chini ya kanzu, ukadunda mara moja, ukabingirika taratibu, mbele ya macho ya watu wote, mpaka miguuni pa Bi Mwanakombo. Ukatulia.

Kicheko kile! Hamadi alikaa chini. Kilonzo miwani ilimwanguka. Hata mimi nikacheka, nikanyoosha mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao, nikageuka huku na huku nipigiwe makofi.

Na upepo wa baharini ukavuma. Ukaibana kanzu mwilini mwangu, mbele, vizuri sana.

Bi Mwanakombo aliutazama mpira. Akanitazama mimi. Akautazama tena mpira. Akasema, wala hakupaza sauti:

"Mwanangu, moja umeliangusha. Na hilo lililobaki ni la nani?"

Kuku aliyekuwa akipekua alisimama. Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye kofia. Mkoba wangu ulikuwa umefungwa tayari kwa binamu. Mlango wa uwanja uko pale. Miguu yangu inaijua kazi hiyo, imeifanya miaka minane.

Lakini bibi hakucheka. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonizuia. Niliwatazama wale wanaume ukutani. Mmoja mmoja walikuwa wameinamisha macho, na mikono wameishusha mbele ya misuli waliyojifunga kiunoni.

"Bibi," nikasema, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine, "lililobaki ni langu."

"Basi mbona wampigia kelele Riziki? Daftari lile pale."

Nikaenda. Hatua kumi na mbili, jamani, bila mpira na bila kitambaa, mbele ya mama za watu! Kilonzo akaokota miwani, akauliza jina kwa adabu kama ananikaribisha harusini. Nikalitaja kamili, na la babu.

Nikasikia nyayo nzito nyuma yangu. Hamadi. Hamadi mwenye kicheko!

"Na mimi niandike," akanong'ona. "Herufi ndogo."

Kisha yule aliyetazama mawingu, mkewe akimsukuma kwa kiwiko. Kisha mwingine. Kisha mstari. Nilisimama kando nikaangalia, na nywele zikanisimama. Hotuba haikuwatoa ukutani, karatasi haikuwatoa, nami mwenyewe niliyeisoma mara tatu haikunitoa. Subhanallah.

Adhuhuri ilipokaribia, Kilonzo alikaa na kalamu mdomoni.

"Sista, nitaandika nini hapa? Njia gani imefaulu? Igizo haikuisha hata."

"Andika mpira," akasema Sista Riziki.

Zamu yangu ya kisu ni siku ya kwanza. Safari ya Tanga nimeifuta. Nikipona, nitakuwa gatini Shimoni, mje mwone kama maji ya siku hizi ni baridi kweli.

Tena Kilonzo ameniomba nikaigize kijiji cha pili mwezi ujao, na nimekubali. Kwa hiyo mwenye kucheka na acheke leo, maana safari hiyo mpira ukianguka, hakitabaki kitu.