Fundo la Hanbok na Mnajimu wa Wino wa Kijani

Jumanne, 21 Januari

Baridi digrii kumi na moja chini ya sifuri. Bomba la uani limeganda. Nimekaa sakafuni, panapopashwa joto kwa chini, miguu inaiva, mgongo unaganda kwa upepo wa dirishani. Likizo hiyo.

Nimeamua kuandika shajara hii kama walivyoandika waandishi wa ikulu: kila kitu, hata aibu. Mfalme Taejong alianguka kutoka kwenye farasi akiwa mawindoni. Alipoinuka tu akasema mwandishi asijue. Mwandishi akaandika kwamba mfalme ameanguka, kisha akaandika kwamba mfalme amesema asijue. Nampenda sana mwandishi huyu. Alikufa miaka mia sita iliyopita. Rafiki zangu wengi wako katika hali hiyo.

Kwa hiyo, ukweli mtupu. Naitwa Guk Hae-won. Miaka kumi na sita. Tangu rafiki yangu Seo-bin ahamie Busan, shuleni nakula chakula cha mchana peke yangu, nikijifanya nina haraka. Shule inafunguliwa Machi. Lengo: kupata mtu wa kula naye kabla ya hapo. Mmoja tu. Sina tamaa.

Na leo nimegundua kwamba yupo!

Maktaba ya mtaa wetu ina juzuu kumi na mbili za historia ya wafalme wa Joseon, Korea ya zamani. Nilidhani nazigusa mimi tu; baadhi bado zinanukia duka. Leo ndani ya juzuu ya tisa nimekuta kikaratasi chenye wino wa kijani: "Uk. 212. Tarehe ya kupatwa kwa jua imekosewa. Nimepiga hesabu mwenyewe." Mwenyewe! Moyo ulinidunda hadi Bi Tak, mkutubi, akaniuliza kama nimepanda ngazi mbio.

Ijumaa, 24 Januari

Mtego umenasa! Jumatano niliacha kikaratasi changu kwenye juzuu ileile: "Mfalme Yeongjo alitawala miaka arobaini." Uongo wa makusudi. Hakuna mpenzi wa wafalme anayeweza kuuvumilia na akalala usingizi.

Jibu leo, kijani: "Hamsini na miwili! Nani amekufundisha?" Chini yake: Mnajimu.

Nilicheka peke yangu kati ya rafu. Mzee wa meza ya magazeti akaniambia nyamaza. Nikajibu kwa Mnajimu kwamba nilikuwa namjaribu tu, na amefaulu. Nimesaini Mwandishi wa Ikulu. Nimesoma jibu langu mara nane. Lina majivuno kidogo. Limebaki.

Bi Tak aliniona nikirudisha juzuu rafuni. Akasema anajua ninachofanya, na mwenzangu pia anamjua, na mbona sote wawili tunazunguka rafu kama paka wenye soni. "Mdogo wangu, si umwandikie tu namba yako ya simu?" Nikamwambia jambo la ikulu lina taratibu zake. Akasema haya, Malkia, ila maktaba inafungwa saa kumi na mbili.

Sikumuuliza Mnajimu ni nani. Nilitaka. Niliziba masikio kabisa asije akanitajia.

Jumapili, 26 Januari

Mpango mkuu! Jumatano ni Seollal, mwaka mpya. Kila mwaka tunakwenda Gangneung kwa baba mkubwa. Mwaka huu hatuendi: Mama ana zamu hospitalini, Baba amekwama na lori kusini kwa sababu ya theluji. Tutakuwa mimi na Bibi tu. Basi nimemwandikia Mnajimu tukutane siku hiyo, saa nne asubuhi, kwenye lango la ikulu ya hapa Suwon. Watu wote watakuwa majumbani wakiwasujudia wazee wao. Lango litakuwa tupu.

Ishara: hanbok, vazi letu la jadi. Nani mwingine atavaa hanbok nje kwenye baridi kama hii? Neno la siri: mmoja anasema Taejo, mwingine anajibu Jeongjong, yaani mfalme wa kwanza na wa pili. Haiwezekani kukosea.

Jibu limekuja jioni hiyohiyo. Neno moja, kijani: "Nitakuja."

Jumatano, 29 Januari. Seollal

Mwandishi anaandika kila kitu. Anaandika.

Saa moja nilimsujudia Bibi, tukanywa supu ya mwaka mpya. Bibi akaniombea alama nzuri na shavu nene. Kisha akasinzia. Kwa kawaida yeye ndiye anayenifunga hanbok, lakini angeuliza nakwenda wapi, na angetaka kuja, na angeleta karanga. Nikajifunga mwenyewe. Nilifungua picha ya binti mfalme kwenye kitabu, nikasimama mbele ya kioo, nikavuta utepe wa kifuani mpaka fundo la kiooni likafanana na la kitabuni kabisa. Kabisa!

Nikafika langoni saa nne kasoro dakika tano.

Mji mzima ulikuwa pale. Mji mzima, katika hanbok! Kumbe siku ya Seollal kiingilio ni bure. Akina mama, watoto wachanga, hata mbwa mmoja mweupe alikuwa na hanbok, tena nzuri kuliko yangu. Watu wote hawa hawaendi Gangneung?

Nilisimama karibu na nguzo. Saa nzima. Hatimaye nikajilazimisha, nikamkaribia babu mmoja mwenye kofia nyeusi ya kale, nikamnong'oneza: Taejo. Babu akafurahi sana. Akaanza kuimba wafalme wote ishirini na saba, kama tulivyofundishwa shule ya msingi, wajukuu zake watano wakaitikia, na watu wakapiga makofi. Akanipa kiazi kitamu cha kuchoma. Akaniuliza nimekuja na nani. Nikasema wako njiani.

Kulikuwa na mvulana mmoja mwenye miwani iliyojaa ukungu. Alipita mbele yangu mara tatu. Nilikaribia kumsemesha. Lakini juu ya hanbok alikuwa amevaa lile koti refu jeusi la baridi, lililovimba kama godoro! Mjuzi wa wafalme hawezi kuja mbele ya ikulu hivyo. Yeye naye akatazama fundo langu, akashusha macho, akaenda zake. Adabu iko wapi?

Saa sita nikarudi. Bibi aliniangalia kifuani akacheka hadi akashika ukuta. Nilidhani ni makombo ya kiazi, nikajipangusa. Akazidi kucheka.

Kwa hiyo hakuja. Nilikula nusu ya kiazi kilichobaki nikiwa nimeegemea ukuta wenye joto. Mama alipiga simu kutoka zamuni akauliza siku ilikuwaje. Nikasema ilijaa watu.

Ijumaa, 31 Januari

Maktaba imefunguliwa. Juzuu ya tisa. Kijani, pande zote mbili za karatasi!

Nanakili: "Nilikuja. Nilikuwepo hadi saa sita na robo. Watu walikuwa wengi mno na mimi ni mwoga wa watu. Nilikaribia kumuuliza msichana mmoja mwenye hanbok ya bluu, aliyekuwa na kiazi, maana alionekana mpweke kama mimi. Ila fundo lake lilikuwa limefungwa kinyume. Kushoto palipotakiwa kulia! Nikasema Mwandishi wa Ikulu hawezi kukosea jambo hilo, nikaondoka. Kama ulikuja, mimi ndiye yule wa koti jeusi. Mama alikataa nitoke bila koti. Tuache vikaratasi. Namba yangu ni hii hapa. Kweon U-jae."

Nilikwenda kwenye choo cha maktaba. Kioo. Nikawaza mkono wa kulia, mkono wa kushoto.

Kioo!

Nikakaa juu ya kifuniko cha choo dakika ishirini.

Bi Tak aliponiona akauliza kama nimepokea barua yangu. Nikasema ndiyo. Akasema kijana huyo amekuja tangu mlango ulipofunguliwa, amekaa hadi saa saba akiitazama rafu, na ana miaka kumi na sita, na anaanza shule yetu Machi, amehamia kutoka Daejeon, hamjui mtu hata mmoja hapa mjini. "Haya, simu hiyo mkononi. Mpigie basi!"

Nilisema nitampigia nikifika nyumbani.

Jumapili, 2 Februari

Theluji imeanza tena. Niliandika ujumbe wa simu mara kumi na moja. "Mimi ndiye wa kiazi." Nikafuta. "Fundo lilikuwa ni kosa la kioo." Nikafuta. Akijua ni mimi, Mwandishi wa Ikulu atakuwa amekwisha. Atabaki msichana wa fundo kinyume tu, na nani atataka kula na huyo?

Nimepata njia bora. Nimekwenda maktaba nikaacha kikaratasi: kwamba siku ile theluji ilinizuia, sikufika, kwamba msichana huyo simjui, na fundo kinyume kweli ni aibu tupu, na kwamba, kwa heshima zote, koti la godoro halikuwapo Joseon.

Bi Tak alisoma juu ya bega langu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akarudi mezani kwake.

Kikaratasi kina mpango mpya pia. Tarehe kumi na mbili, mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka. Bibi anasema jioni hiyo majirani wote hupanda kwenye ngome ya mji kuutazama ukichomoza, na ameshaniandalia karanga za kubangua. Nimemwambia sitakwenda naye, nina shughuli. Nimemwandikia Mnajimu tukutane ngomeni, lango la magharibi. Safari hii hakuna hanbok, hakuna neno la siri. Ishara moja tu, rahisi: nitakuwa nimesimama nikitazama juu, mwezini.

Haiwezekani kukosea.

Na mwandishi asijue kwamba namba ya U-jae nimeshaikariri, kwa mpangilio, kama wafalme.