Mkwe wa Mchana

Jumatatu, tarehe 3

Habari nzito! Mama mkwe anakuja Jumamosi, basi lake linafika saa mbili usiku. Katika familia hii anayekwenda kumpokea ndiye anayekaa naye mwezi mzima. Hatupendi kumhamishahamisha mtu mzima na mizigo yake. Mke wangu hajalala nyumba moja na mama yake miaka mitatu sasa. Ameshaanza kufua mapazia.

Tatizo ni taa za gari. Jana jioni nilimulika ukuta wa jirani, ikabidi nishuke kuangalia kama kweli zimewaka. Mara ya mwisho mama mkwe alipanda gari langu giza likiingia. Alishuka njiani, akatangulia kwa miguu kunionyesha barabara. Tangu siku hiyo ananiita Mkwe wa Mchana. Mbele za watu!

Mke amesema taa zisipotengemaa, atakwenda mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake. Yule bwana! Anacheka mno. Gari lake ni kuukuu kama langu, taa zake zina afadhali kidogo tu, lakini anavyolisifia utadhani amelizaa.

Jumanne, tarehe 4

Nimepeleka gari kwa fundi wa umeme. Bwana mwenye maneno mengi na redio kubwa. Kapima betri, nzima. Kapima nyaya, nzima. Kachomoa balbu, kaiwasha nje ya taa, nikafumba macho. Akasema taa hazina ugonjwa wowote. Vioo vyake ndivyo vilivyoota utando wa manjano kwa jua na uzee, mwanga unakwama humo. Visuguliwe tu.

Visuguliwe! Yaani gari langu chafu? Nikamwambia ile manjano ni rangi ya kiwandani, inaendana na viti. Akaanza kunieleza visuguliwe kwa kitu gani. Nikawasha gari nikamwacha anasema. Kazi imemshinda, sasa anatukana wateja.

Jumatano, tarehe 5

Nimenunua balbu za lori. Muuza vipuri alinionya kwamba hazifai gari dogo. Nikamwambia auze, asifundishe. Nimezifunga mwenyewe kwa bisibisi na maombi.

Zimewaka! Fahari tupu, kama dakika mbili. Kisha harufu. Kisha moshi. Soketi ya kushoto imeyeyuka. Nimerudisha balbu za zamani, ile ya kushoto nimeishikiza kwa waya. Mke kauliza harufu ya nini. Nikasema ya maendeleo.

Alhamisi, tarehe 6

Nimekwenda kunyolewa. Kinyozi alikuwa amefura kwa hasira. Binti yake mdogo kapaka dawa ya meno kioo kizima cha saluni, ikakauka, wateja wakawa hawajioni.

Wazo likanijia wembe ukiwa shingoni. Kama taa zangu zimegoma kuwa kali, kwa nini za mwanyumba zisififie? Tukiwa sawa gizani, anayekwenda ni mkubwa. Mkubwa ni mimi, nimeoa dada mkubwa. Akili ni nywele, na mimi nimetoka kwa kinyozi bado ninazo! Nimenunua dawa ya meno, tyubu tatu.

Ijumaa, tarehe 7

Asubuhi nimefika kwa mwanyumba na ndoo. Nikasema nimekuja kumwoshea gari, mama asipande vumbi. Akanikumbatia. Machozi yakamlengalenga! Akasema siku zote alijua nina moyo mzuri, ni uso tu unaoniangusha. Akaingia ndani kunipikia chai.

Nikapaka. Tyubu moja na nusu kushoto, moja na nusu kulia. Haikutaka kushika. Nikaisugua kwa kitambaa, nikasugua kwa nguvu, nikasugua kwa chuki, iingie ndani kabisa, mpaka mkono ukafa ganzi. Kitambaa kikageuka manjano, sijui kwa nini. Nikasikia mlango. Nikamwaga ndoo nzima ya maji juu ya taa, nikafunika gari kwa turubai. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno.

Jumamosi, tarehe 8

Tumekutana kwa mwanyumba giza likianza, magari mawili yakitazama ukuta mmoja. Mwamuzi mke wangu. Nikawasha zangu. Ya kulia kama mshumaa, ya kushoto inaangalia juu ya paa. Sikujali. Nikasubiri zake.

Mama yangu! Ukuta mzima mweupe! Tumeona kila ufa, na mjusi mmoja aliyeaibika. Mwanyumba akapiga kelele kwamba huo ni mkono wangu, kwamba nimelifungua gari lake macho. Mke wangu akanitazama. Akaniuliza taratibu kwa nini sikuanza na la kwetu. Akapanda gari la mwanyumba kwenda kumpokea mama yake, na wote wamelala huko kwa mwanyumba.

Nimerudi peke yangu, mwendo wa kobe. Mapazia yananukia sabuni nyumba nzima. Imeniuma, sisemi uongo.

Jumapili, tarehe 9

Mwanyumba amekuja mchana, anacheka. Eti mama amevunja desturi, yuko tayari kuhamia kwetu leo hii na mizigo yake yote, mradi nimfuate mwenyewe jioni na taa zinazoona. Na eti yeye mwanyumba ameokota tyubu zangu tupu uani kwake, ameijua dawa yangu. Akatoa tyubu mpya na kitambaa. Akasema dakika kumi tu, taa zangu zitakuwa kama zake.

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako! Dawa ya meno kwenye kioo! Mimi nimeona saluni ya kinyozi kwa macho yangu! Kumbe alijua nilichotaka kumfanyia, sasa analipiza huku anatabasamu. Zake bila shaka alibadilisha balbu kwa siri usiku wa Ijumaa. Nikamshukuru kwa adabu, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikafunga geti.

Nimempigia mke simu. Nimemwambia mama asubiri kidogo tu, kesho nanunua betri ya pili. Itakaa kiti cha mbele, mama atakaa nyuma na mizigo. Halafu simu ikakatika.

Siku hizi mtandao ni mbovu sana.