Verlon Anapaa Saa Tatu na Dakika Arobaini na Mbili

Lamar Tidwell alisoma tangazo la kifo cha Verlon Pruitt huku akinywa kahawa, na machozi yakamlengalenga. Si kwa ajili ya marehemu. Tangazo lilisema Verlon alikaza nati za roketi hapa Titusville miaka thelathini na moja, hakupanda hata moja, na ameacha mjane, Odelle, pamoja na gari jekundu la wazi la mwaka sitini na saba.

"Sitini na saba!" Lamar alinong'ona, mkono kifuani kama mtu aliye kanisani.

Alikuwa mtu wa kuja, kutoka Ohio, mbali kaskazini, wiki ya pili tu mjini. Huko kwao aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele, na viwanja vya makaburi vinavyotazama ziwa lisilokuwepo. Kesho yake akabisha hodi kwa Bi Odelle, kavaa koti jeupe na tai yenye nyota.

"Pole sana, mama. Mimi Daktari Tidwell, wa Safari za Mwisho. Tunachota kijiko kimoja tu cha majivu ya mpendwa wako, tunakipakia kwenye roketi, anaizunguka dunia mpaka achoke mwenyewe."

Bi Odelle akaweka chini bakuli la karanga za kuchemsha. "Verlon apande?"

"Apande, mama. Kiti cha dirishani."

Mjane akageuza uso. Miaka yote ile, kila roketi ilipopaa, mumewe alisimama uani na grisi yake kwenye kucha akisema, "Ile ina nati zangu mia mbili, Odelle. Zimekwenda bila mimi."

"Na bei?"

"Nimtoze mjane fedha? Mimi mnyama? Utanipa lile gari tu, linalokuongezea uchungu."

Ndivyo moyo wa huruma ulivyo: wengine wakiona msiba, wenyewe unaona magurudumu.

"Nitajuaje kama kapaa?"

Lamar akachomoa cheti chenye ukingo wa dhahabu: Verlon Pruitt alipaa Jumanne, saa tatu na dakika arobaini na mbili asubuhi.

Bi Odelle alikisoma mara mbili, polepole. "Umeandika na saa."

"Kwetu mambo ni kwa dakika, mama."

"Na kwa wino."

"Wino usiofutika!"

"Haya. Kadi ya gari nitakusainia akishapaa. Funguo njoo uchukue Jumanne asubuhi. Niache kwanza nilipanguse kidogo."

Jumanne mji mzima ulitoka na viti vya kukunja. Roketi ilikuwa ya watu wengine kabisa, lakini hesabu ya Lamar ilikuwa nyepesi: ikipaa, macho yote juu, yeye na gari huyoo! Kadi angeighushi. Alfajiri akapokea funguo na kopo dogo lenye kijiko cha majivu, akaingia garini na kushika njia ya darajani, asijue kwamba darajani ndiko mji unakoegesha magari kutazama. Redio zote zilikuwa zikihesabu pamoja: kumi na mbili, kumi na moja...

"Simamisha! Upepo," redio zikatangaza. "Haipai leo."

Hakuna aliyeshangaa. Watu walisema "Aah!", wakakunja viti, wakaingia barabarani kwa mpigo mmoja. Lamar akabanwa kama nyama ndani ya mkate. Injini ikaanza kuchemka, akaizima. Kuiwasha tena, kimya.

Mtu akamgonga begani. Bi Odelle, kiti kwapani.

"Daktari! Cheti kinasema Verlon yuko mawinguni. Mbona namwona hapa?" Akaonyesha kisahani cha majivu ya sigara mle garini, ambamo kopo dogo la Verlon lilikuwa limelala.

"Mama, ni hitilafu ndogo ya..."

"Hitilafu ni wewe, mwanangu. Hapa hata mtoto anayenyonya haandiki saa ya roketi kwa wino. Roketi huondoka ikitaka. Nilipoiona ile saa yako, nikaenda kulegeza nati ya betri. Mke wa Verlon, ulidhani najua kupika tu?"

Mbele yao filimbi ya askari wa barabarani ikalia.

"Yule askari ni mpwa wangu, Dale. Nimwite, au utatimiza ahadi?"

"Ahadi gani?"

"Verlon apande. Kampuni ya kweli ipo, namba yao hii hapa. Toa simu, ulipe."

Lamar akalipa, jasho likizilowesha nyota za tai yake. Bi Odelle akatoa spana mkobani, akakaza nati, akashika usukani.

"Ohio iko upande ule. Kwa miguu siyo mbali sana."

Verlon alipaa mwezi wa tano, baada ya kuahirishwa mara tatu. Cheti cha Lamar kiko ukutani mpaka leo, maana ukingo wake ni mzuri, kukitupa dhambi. Ila saa imekatwa kwa penseli, na juu yake Bi Odelle ameandika: alipotaka mwenyewe.