Somo la Ukweli kwa Spika

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Balaa! Kamati ya msikiti imeamua watoto wadogo wabaki na mwalimu mmoja tu. Mimi au Bi Mboni. Kila mmoja atafundisha kundi lake wiki hii, Ijumaa watoto wasome mbele ya wazazi, mshindi achukue darasa. Bi Mboni! Bado anahangaika na ubao na chaki, zama hizi za simu. Miaka tisa naitwa Ustadhi hapa Mtama. Nikinyang'anywa watoto nitaitwa nani? Baba Amiri tu.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimepata akili. Nimerekodi somo la ukweli kwenye simu, kwa sauti tamu. Katikati, Mzee Kondo, mwenyekiti wa kamati, akapiga hodi. Anataka kuazima baiskeli. Kila msimu wa korosho ni yeye na baiskeli yangu! Nikakohoa, nikamnong'oneza mama Amiri amwambie sipo, nimeenda nayo Lindi. Kisha nikaendelea na somo. Sikurudia kulisikiliza. Ya nini? Sauti si yangu mwenyewe?

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeunganisha simu na spika darasani; spika inafundisha, mimi niko shambani naokota korosho. Raha iliyoje! Watoto wanaifuatisha neno kwa neno, asubuhi hadi adhuhuri. Bi Mboni kapita, kasema spika haimwoni mtoto anayesinzia. Wivu huo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mtoto mmoja wa Bi Mboni alisahau, akakumbushwa. Nikacheka kimoyomoyo. Wangu wakasimama, Fakihi wa miaka mitano mbele. Hawakukosea hata herufi. Wakasema uongo ni haramu. Wakakohoa, wote kumi na saba. Wakanong'ona kwamba mimi sipo, nimeenda Lindi na baiskeli. Wakamalizia kwa sauti kuu: Mwislamu husema kweli daima.

Mzee Kondo alikaa safu ya kwanza. Aliniuliza, kwa upole kabisa, Lindi hawajambo? Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 12 Oktoba

Darasa kapewa Bi Mboni. Fakihi kanipita njiani: shikamoo, Baba Amiri. Imeniuma, sifichi.

Lakini kosa nimeliona. Ni kurekodia karibu na mlango! Nimehamia stoo ya korosho kurekodi somo jipya, kamati ibadili uamuzi. Nikawasha simu ianze kurekodi, nikakaa sawa. Ndipo nikakumbuka jambo. Nikamwita mama Amiri, nikamwagiza kwa sauti ili asikie vizuri: akija mtu yeyote, amwambie sipo.