Bi Mkubwa na Lori Jipya la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekwenda yadi ya magari kununua lori jipya. Sikununua. Niliuliza bei tu. Muuzaji, bwana mpole mwenye tai ya zambarau, alinitajia, kisha akaniomba radhi, akaenda kutazama karatasi nyingine, akarudi kunieleza kwamba ile ilikuwa bei ya Ijumaa. Ya leo iko juu zaidi. Nikaomba maji ya kunywa. Alinipa mawili, glasi na chupa. Nadhani wateja wengi huyahitaji.

Chanzo cha safari ni kiwanda cha magodoro. Wanatafuta lori moja la kuwabebea mzigo mwaka mzima, na meneja atakagua magari Ijumaa. Tuliobaki ni wawili. Mimi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyenunua lori jipya mwezi uliopita na mpaka leo hajatoa nailoni kwenye viti. Mtaa mzima unamwita Bwana Nailoni. Yeye anaona ni sifa.

Langu lina miaka ishirini na sita. Liliingia katika maisha yangu kabla ya mke wangu, ndiyo maana yeye huliita Bi Mkubwa. Hana wivu nalo. Asubuhi huenda kwanza kutazama Bi Mkubwa ameamkaje, ndipo aniulize mimi.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu kanishauri nimwite fundi badala ya kushinda kwenye yadi za watu. Nimemwita. Jina lake mtaani ni Fundi Pole, kwa kuwa husema pole kabla ya kutaja gharama. Alilala chini ya Bi Mkubwa saa nzima, akatoka akitabasamu. Injini, kasema, itatuzika sote. Kinachotakiwa ni mpira mpya wa maji ya rejeta, na breki. Pole.

Nikamuuliza kama meneja ataweza kuuona huo mpira. Akasema hapana, uko ndani. Na breki? Nazo ziko ndani. Basi, mjadala ukaisha. Fedha yangu haiwezi kwenda kujificha mahali pasipoonekana.

Nitampaka rangi Bi Mkubwa. Bluu, kama lori la shemeji.

Alhamisi, 6 Juni

Siku njema sana. Nimepaka mwenyewe, kwa brashi, tangu asubuhi. Ukisimama mbali kidogo na usikaze macho, ni lori jipya kabisa. Mlangoni nimeandika namba yangu ya simu kwa rangi nyeupe, tarakimu kubwa kama sahani.

Viti navyo vimepata nailoni. Ni ile ya meza yetu ya kulia chakula, yenye picha za zabibu. Dashibodi nimeisugua kwa dawa ya viatu. Inang'aa mpaka unaona uso wako.

Mke wangu alitoka, akaligusa lori kwa kidole, akakitazama kidole. Akasema rangi hii inataka siku mbili tatu za jua. Halafu akatazama mawingu. Watu wengine kazi yao ni kukatisha tamaa.

Ijumaa, 7 Juni

Meneja ni mama wa makamo, koti jeupe, maneno machache. Alizunguka lori la shemeji mara moja. Langu alilizunguka mara mbili, nikajua nimempata. Akauliza kuhusu zabibu. Nikamjibu kwamba ni toleo maalumu.

Halafu akaegemea mlango wangu ili aandike vizuri.

Alipoondoka kwenda kwa wafanyakazi wake, mgongo wa lile koti ulikuwa wa bluu, na katikati yake namba yangu ya simu, kinyumenyume. Shemeji aliiona. Alikaa kimya, tena kwa raha, mpaka mama wa watu alipofika kwenye geti na mlinzi akajaribu kuisoma kwa sauti.

Meneja akarudi. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Gari lako limenipa alama mgongoni," akasema. "Na mimi nimekupa alama zako. Ni chache."

Mzigo wa majaribio kapewa shemeji, Jumatatu.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu amechukua nailoni yake. Kanituma sokoni kununua vitu vitatu ambavyo hatuvihitaji, na nikakawia huko muda mrefu. Niliporudi nilimkuta Fundi Pole anaosha mikono bombani. Eti alikuwa anapita.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya ajabu. Naiandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi, shemeji kapiga simu. Amekwama katikati ya mlima, magodoro tisini nyuma, mawingu meusi juu, na turubai ameliacha nyumbani ili asilichafue. Taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi na lori jipya limekataa kabisa kwenda. Amewapigia waliomuuzia. Mtaalamu mwenye kompyuta ya kuzungumza na lori lile atapatikana Alhamisi.

Mke wangu alitaka Fundi Pole akalione. Fundi akaenda kwa pikipiki, akafunua injini, akakuta kila kitu kimefunikwa kwa plastiki. Akafunika tena, akasema pole. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutaja gharama.

Nilitangaza kwamba nitakwenda kumvuta shemeji iwapo ataniomba vizuri. Mke wangu alikuwa ameshika mnyororo tayari.

"Yule ni kaka yangu," akasema, "wewe ni mume wangu, na ile ni mvua. Twende."

Tukaenda. Tulifunika magodoro kwa turubai letu, tukafunga mnyororo, nikatia gia ya kwanza. Bi Mkubwa akanguruma, akatetemeka, akaanza kupanda. Polepole kama bibi harusi, lakini hakusimama hata mara moja. Nyuma yetu Bwana Nailoni ameshika usukani wake kwa mikono miwili na kutazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwenye mteremko nilikanyaga breki kwa hofu. Zikashika vizuri, kwa upole.

Hapo ndipo mke wangu aliponiambia. Jumamosi, nilipokuwa sokoni, Fundi Pole alibadilisha mpira wa maji na breki. Aliyelipa ni mke wangu, kwa fedha za cherehani yake.

Nilimshukuru mara mbili kabla ya kufika kiwandani. Hata hivyo naamini rangi nayo ilisaidia.

Magodoro yalifika makavu. Meneja alimzunguka Bi Mkubwa kwa umbali wa hatua mbili, mikono nyuma. Kisha akanipa mkataba wa mwaka mzima, kuanzia Jumatatu ijayo. Akaandika humo namba ya usajili ya lori.

"Nalitaka hili," akasema. "Si jingine."

Jumatano, 12 Juni

Shemeji amechanganyikiwa. Amekuja kutaka kumnunua Bi Mkubwa! Anadai amechoka na gari linalohitaji mtaalamu wa kompyuta. Nilijifanya nasita. Nikafuta jicho moja. Akaongeza.

Mke wangu aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia biashara ni kichwa, si moyo. Akatia sahihi yake ya ushahidi kwa mwandiko mzuri mno.

Nikaenda moja kwa moja yadi ya magari, nikatoa fedha ya awali ya lori jipya. Muuzaji akasema litakuja. Sikuuliza lini. Nilikuwa napigwa picha.

Ijumaa, 14 Juni

Miezi saba. Ndivyo muuzaji anavyosema nitalisubiri lori jipya.

Nimekwenda kwa meneja kuomba mkataba usubiri, au ukubali lori lingine. Akaweka kidole kwenye ile namba ya usajili. Nikaenda kwa shemeji kumkodi Bi Mkubwa. Akasema hawezi kuamua peke yake. Nusu ya fedha za kumnunua ni za mbia wake.

Mbia wake alikuwa jikoni kwangu, anakata vitunguu. Aliniruhusu nikae. Akaniuliza kama nina uzoefu wa kuendesha malori. Nikasema miaka ishirini na sita. Akauliza kama nina tabia ya kupaka rangi mali za watu. Nikasema nimeacha. Akasema yeye na kaka yake watanijulisha.

Wamenijulisha wakati wa chakula. Nimepata kazi.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya kwanza kazini. Magodoro mia na ishirini, hakuna hata moja lililodondoka. Kuna kitu kinagonga chini ya gurudumu la nyuma, nami nimejawa na furaha, kwa kuwa ni gurudumu la wenye lori, si langu.

Mchana kapiga simu muuzaji wa tai ya zambarau. Habari mbili. Lori langu litachelewa miezi miwili zaidi, na bei imepanda tena.

Nilitulia nikafikiri kama mfanyabiashara. Lori ambalo sijaliona, halijala mafuta, halijapasua tairi, limeshapanda thamani! Shemeji hawezi kuelewa hesabu za namna hii. Nimemwambia muuzaji aniandikie na la pili, haraka, kabla halijapanda bei.

Mke wangu sijamwambia. Mwajiri hashirikishwi mambo ya nyumbani.