Kitenzi Kimoja Chaingia Bunia

Wananchi wote wa Bunia, wa Shari na wa Bigo, wa sokoni na wa maofisini, walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia Jumatatu asubuhi kitenzi kimoja cha Kihispania kitaingia mjini, kwamba kitapokelewa kwa heshima zote kinazostahili, na kwamba atakayecheka atajieleza ofisini. Gari la Ofisi ya Mapokezi Bora lilizunguka mji likisema hivyo mpaka betri ikachoka na sauti ikawa nzito kama ya ng'ombe mgonjwa. Lakini watu walikuwa wameshaelewa. Kuna kitu kinakuja, na kwa vyovyote vile wataimba.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, ambapo kila mtu alikuwa Citoyen au Citoyenne, yaani raia, na majina ya ubatizo yalipigwa marufuku maofisini yakabaki ya jikoni na ya kuitana sokoni. Mgeni mwenye cheo hakuweza kushuka garini bila kukuta akina mama wamevaa vitenge vya aina moja wanamwimbia na kumchezea. Jambo hilo liliitwa animation, na lilihesabiwa kuwa kazi ya taifa. Kazi nyingine ya taifa ilikuwa salongo, yaani kila Jumamosi watu wote kutoka na majembe kufyeka majani na kuzibua mitaro, isipokuwa wale wenye kusimamia.

Mara hii wageni walikuwa wakulima kutoka Hispania, watu wa ushirika, na walikuwa wanaleta mashine ya kusaga mihogo. Mkurugenzi wa Mapokezi Bora, Citoyen Katsuva, alikuwa ameshaitafutia mashine hiyo mahali pazuri, kwenye shamba lake, njia ya Marabo. Kilichobaki ni kuwafurahisha wageni. Naye alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa kina. Mji wowote, alisema, unaweza kumpokea mgeni kwa neno moja la lugha yake. Bunia itampokea kwa kitenzi kizima, tangu wakati uliopita mpaka wakati ujao.

Ndiyo maana Mwalimu Kavira aliitwa ofisini.

Kavira alifundisha Kifaransa kwenye sekondari moja ya Bigo. Utotoni alilelewa bwenini na masista wa Kihispania, waliomwita Adeline, jina ambalo sasa mumewe alilitumia kwa sauti ya chini tu. Alikuwa na watoto wawili, maharagwe nyuma ya nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma ambayo mabati yake yalikuwa bado yanang'aa. Alikuwa anaipenda nyumba ile kupita kiasi, na hakuona haya kusema.

"Citoyenne Kavira," Mkurugenzi alisema, "banasema weye unajua Kihispania."

"Kidogo tu, Citoyen Directeur. Ile ya masista. Kusali, kupika, na kugombeza batoto."

"Inatosha. Tunahitaji verbe moja. Lakini yenye tabia muzuri."

"Basi tuchukue trabajar. Maana yake kufanya kazi. Iko verbe régulier, inafuata sheria."

"Inafuata sheria siku zote?"

"Siku zote. Hata mu wakati uliopita."

Mkurugenzi aliguswa moyoni. Alimgeukia Mbusa, katibu wake, mtu mwembamba aliyeshika kila agizo kichwani na hakusahau hata moja. "Unasikia, Mbusa? Verbe ya kigeni inafuata sheria kupita service yangu muzima." Kisha akamrudia Kavira. "Na zile zingine, zisizofuata?"

"Zile ziko irréguliers, Citoyen Directeur. Unaanza nayo vizuri, inabadilika mu njia."

"Zinaleta fujo?"

"Kwa wanafunzi, sana."

Hapo hapo iliamriwa kwamba vitenzi visivyofuata kanuni haviruhusiwi kuingia Bunia bila kibali, na askari wa kiwanja cha ndege wakaarifiwa wafungue masanduku. Halafu Mkurugenzi akashusha sauti, kama mtu anayetoa zawadi. "Wageni wakifurahi, weye unabakia pa kazi yako. Wakinuna, kuna masomo moja, école ndogo, kule ndani ya pori, ng'ambo ya mito. Haina mwalimu hata mumoja. Ile batoto banalia juu ya Kifaransa."

Kavira alishukuru, kwa maana katika ofisi ile mtu hushukuru kwanza, halafu ndipo anaanza kuogopa. Aliogopa tangu mlangoni mpaka nyumbani, akaingia akayatazama mabati yake, akaogopa zaidi.

Tume ya Kitenzi, iliyoundwa na Mkurugenzi, ilikaa Jumatatu hiyo hiyo, na mara ikakutana na tatizo la vyeo. Kitenzi kina nafsi. Kuna mimi, kuna wewe, kuna yeye. Sasa je, mfagiaji anaweza kusimama mbele ya wageni akasema "mimi nafanya kazi", na Mkurugenzi yupo? Wajumbe walitikisa vichwa kwa huzuni. Ikaamuliwa kwamba neno trabajo, yaani mimi nafanya kazi, ni la Mkurugenzi peke yake. Watu wengine wote watasema trabaja, yeye anafanya kazi, wakimwonyesha Mkurugenzi kwa mkono ulionyooshwa kwa adabu. Kuhusu "sisi tunafanya kazi", Tume ilinusa humo harufu ya mgomo, ikaifungia kwenye droo.

Nyakati ziligawiwa idara kwa idara. Ule wakati uliopita wa mambo yaliyokuwa yakifanyika bila kumalizika walipewa watu wa barabara, ambao waliuelewa papo hapo bila kufundishwa. Wakati ujao, trabajará, yaani atafanya kazi, ulikwenda kwa watu wa mipango. Watu wa fedha walipewa "angefanya", na hao walikuwa wakiizungumza miaka mingi. Namna ya kutamani, ile ya "Mungu ajalie afanye kazi", waliachiwa wananchi wa kawaida, kwa kuwa kutamani hakutumii mafuta. Namna ya kuamuru Mkurugenzi aliifungia kwenye sanduku lake la chuma, pamoja na muhuri. Mwisho likakatwa shauri kwamba Kavira atawatafsiria watu maneno ya wageni, lakini yeye mwenyewe hatawaambia wageni neno lolote lililo nje ya kitenzi, ila kwa saini na muhuri.

Mazoezi yalifanyika kila asubuhi kwenye soko la Shari. Watu walijifunza haraka ajabu, kwa sababu walishazoea kuimba mambo wasiyoyaelewa. Aliyeongoza animation alikuwa Mama Godelive, muuza samaki wa makayabo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya tatu alisimamisha ngoma.

"Mwalimu, hii tunaimba, inasema nini?"

"Inasema, yeye anafanya kazi."

"Yeye nani?"

"Citoyen Directeur."

Mama Godelive aliwafukuza nzi kwenye samaki wake. "Basi bamama, tuongeze sauti. Pengine atasikia."

Soko zima lilicheka, na atakayecheka, kama tulivyosema, alitakiwa kujieleza ofisini, lakini ofisi isingewatosha. Kavira peke yake hakucheka. Kila aliposikia mtu amekosea silabi moja, aliona wazi sanduku lake la nguo juu ya lori, na watoto juu ya sanduku, na pori mbele.

Wageni walifika Jumamosi, siku ya salongo, watu wakiwa tayari na majembe mikononi. Kiongozi wao alikuwa mama mfupi mwenye kofia ya majani makavu na viganja vipana vya mtu anayelima. Nyuma yake lori lilibeba mashine, imefunikwa turubai. Mkurugenzi Katsuva alisogea mbele akiwa na abacost, suti ya Kizaire isiyo na tai, nyeupe, iliyopigwa pasi mpaka ikakataa kukunjika, akatoa kifua.

"Trabajo!" alisema. Akapumua. Akaeleza pia kwamba alifanya kazi, kwamba alikuwa akifanya, na kwamba atafanya, vyote bila kukosea. Kavira alifumba macho kwa raha.

Yule mama alipendezwa sana. Akamgeukia mfagiaji wa soko, aliyekuwa na tope mpaka magotini, akamuuliza kama yeye naye anafanya kazi. Kavira akatafsiri. Mfagiaji alikumbuka kanuni, akasimama wima, akanyoosha mkono kwa Mkurugenzi.

"Trabaja!"

Mama akamuuliza karani. Karani akanyoosha mkono. Akawauliza watu wa barabara, wakasema alikuwa akifanya. Watu wa mipango wakasema atafanya, na watu wa fedha wakasema angefanya. Alipofika kwa Mama Godelive, ngoma ikalia, vitenge vikazunguka, na soko zima likaimba likinyoosha mikono upande mmoja, kwa namna ya kutamani na kwa moyo wote.

Mgeni alivua kofia. Macho yalikuwa yamemlowa. Akasema maneno mengi, na Kavira akatafsiri.

"Anasema hajaona inchi kama hii. Muji muzima banashuhudia kama kazi yote iko ya mutu mumoja. Anasema kwao ku ushirika kuna desturi. Mashine inasimama pale mufanyakazi anachimba musingi kwa mikono yake. Sasa amemupata."

Mkurugenzi alitabasamu. "Muzuri sana. Mwambie shamba yangu iko njia ya Marabo."

"Anasema hapa, Citoyen Directeur. Ku soko. Sasa."

Mgeni alikuwa ameshachukua jembe kutoka kwa mfagiaji na kumwekea Mkurugenzi mkononi.

"Mwambie niko na mugongo mubaya," Mkurugenzi alinong'ona.

Kavira alimtazama Mbusa. Mbusa, ambaye hakusahau agizo hata moja, alikohoa kwa heshima. "Citoyen Directeur, mugongo haiko mu programme. Inaomba saini."

"Nasaini sasa hivi!"

"Na muhuri. Iko ku coffre ya chuma, Citoyen Directeur. Na ufunguo iko kwenu nyumbani."

Basi Mkurugenzi Katsuva alichimba. Alianza na vidole viwili, kama mtu anayeshika panya aliyekufa, lakini ardhi ya Shari haikubali mzaha. Abacost ilivuliwa, ikapewa Mbusa aishike. Akina mama walizunguka shimo wakimwimbia kila alipoinua jembe, na walipoona amechelewa kuinua, waliimba wakamngoja. Wazee waliokuja na majembe yao waliyaegemea na kusimamia. Kavira alifurahi, akaona aibu kwa kufurahi, akafurahi tena. Halafu akakumbuka kwamba mtu huyu atatoka shimoni, na akitoka atatafuta wa kulaumiwa, na moyo ukamshuka.

Jua lilipokuwa juu ya vichwa, sauti ilimwita kutoka chini.

"Adeline."

Watu wa karibu walishtuka. Jina la ubatizo, mdomoni mwa Mkurugenzi, mchana kweupe!

"Adeline, mwanangu, nisaidie. Ongea na ule mama."

Kavira alichuchumaa ukingoni. "Na ile masomo ya kule pori, Citoyen Directeur?"

"Masomo gani? Weye uko mwalimu wa Bigo. Nani anakutoa ku Bigo?"

"Sema na nguvu. Batu basikie."

Mkurugenzi aliangalia jembe, akaangalia ukuta wa udongo uliofika kiunoni. Akapaza sauti iliyofika mpaka kwa wauza majani ya sombe. "Citoyenne Kavira anabakia Bigo! Hata mupaka pensheni!" Soko likapiga makofi, Mama Godelive akapiga vigelegele, na Mbusa akaliweka agizo hilo kichwani pamoja na mengine.

Kavira alilia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya kitenge. Akamwendea mgeni, na safari hii Mbusa hakudai muhuri, akamweleza, kwa Kihispania chake cha masista, kwamba yule bwana mgongo unamuuma na amechoka, na saa ya chakula imepita. Mama yule alisikitika kweli kweli. Alikimbia mwenyewe shimoni, akamshika Mkurugenzi kwapani, akamvuta juu, akampangusa udongo mabegani kama mtoto aliyetoka kucheza. Akamwagiza apumzike, alale, ale vizuri.

Ila msingi ulikuwa umefika nusu. Mgeni aliutazama, akamtazama Mkurugenzi, kisha akawageukia watu wa Shari. Hakuhitaji mtafsiri, maana neno lilikuwa lile lile walilofundishwa. Alionyesha shimo, akamwonyesha Mkurugenzi, akauliza kama kesho kutwa atafanya kazi.

Wakati ujao ulikuwa mali ya watu wa mipango, na hakuna aliyetoa amri. Lakini soko zima lilijibu kwa pamoja, wafagiaji na makarani na akina mama, na Mbusa kati yao, abacost mikononi.

"Trabajará!"

Mkurugenzi aliangaza macho huku na huku akimtafuta aliyewapa ruhusa, jembe bado liko mkononi mwake.